Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: siasa na diplomasia ya China katika miaka ya mwanzo ya Wakomunisti (1949–1966)

Maswali haya yanarudi kila mara kutoka kwa wanafunzi wa historia, wafuatiliaji wa habari za China na wabishi wa vijiweni ambao hawajamalizana na Mao. Yameanza na ya msingi, yakaishia na yale ya pembeni. Jambo moja litajitokeza tena na tena: katika China ile, siasa za ndani na mambo ya nje vilikuwa kitu kimoja. Kampeni za ndani zilipata nguvu kutokana na vita au ugomvi wa nje, na mizinga iliyorushwa nje mara nyingi ililenga masikio ya watu wa ndani. Usishangae basi jibu la njaa likikupeleka Moscow, au jibu la Taiwan likikurudisha mashambani.

## Misingi

1. Wakomunisti walishika madaraka lini, na waliyachukua kwa nani?

Tarehe rasmi ni 1 Oktoba 1949, siku Mao Zedong alipotangaza kuundwa kwa Jamhuri ya Watu wa China akiwa juu ya lango la Tiananmen, Beijing. Waliyachukua kwa Kuomintang, chama cha wazalendo kilichoongozwa na Chiang Kai-shek.

Siku hiyo vita vilikuwa bado vinaendelea. Guangzhou ilitekwa katikati ya Oktoba, na kisiwa cha Hainan kikatekwa mwaka uliofuata. Chiang alihamia Taiwan Desemba 1949, akaendelea kudai kuwa serikali yake ndiyo halali kwa China nzima. Bila kulishika dai hilo, nusu ya maswali yaliyo hapa chini hayataeleweka.

2. Chiang alishindwaje ilhali Marekani ilikuwa ikimpa silaha?

Silaha alikuwa nazo. Alichopoteza ni pesa yenye thamani na imani ya watu. Agosti 1948 serikali yake ilitoa noti mpya ikazibadilisha na za zamani kwa kiwango cha moja kwa milioni tatu, na ndani ya miezi michache noti hizo mpya nazo zikawa karatasi tu. Mwalimu na karani wa mjini, ambao ndio wangekuwa nguzo yake, waliona akiba ya maisha yao ikiyeyuka. Vijijini, vijana walikamatwa kwa nguvu kwenda jeshini huku maofisa wakila posho zao.

Kisha zikaja kampeni tatu kubwa za kijeshi kati ya Septemba 1948 na Januari 1949, yaani Liaoshen, Huaihai na Pingjin. Kuomintang ilipoteza askari wapatao milioni moja na nusu, wengi wao kwa kutekwa au kuhamia upande wa pili wakiwa na silaha zao mikononi.

3. Majina yananichanganya. Nani alikuwa nani?

Mao alikuwa mwenyekiti wa chama, na neno la mwisho lilikuwa lake. Zhou Enlai alikuwa waziri mkuu tangu 1949 hadi alipofariki 1976, na hadi 1958 alishika pia wizara ya mambo ya nje, kisha Chen Yi akaichukua. Liu Shaoqi ndiye aliyekijenga chama kama taasisi; alikuwa mkuu wa nchi kuanzia 1959, na alikufa kizuizini 1969. Zhu De alikuwa baba wa jeshi. Peng Dehuai aliongoza majeshi Korea, kisha akawa waziri wa ulinzi, kisha akaanguka (swali la 8). Deng Xiaoping katika miaka hii alikuwa katibu mkuu wa chama, mtendaji hodari ambaye umaarufu wake duniani ulikuja baadaye.

4. Je, kulikuwa na vyama vingine na uchaguzi?

Vyama vilikuwepo, na vipo hadi leo: vyama vidogo vinane vilivyokubali uongozi wa Wakomunisti. Mwaka 1949 havikuwa pambo tupu. Kati ya makamu sita wa mwenyekiti wa serikali kuu, watatu hawakuwa Wakomunisti, akiwemo Song Qingling, mjane wa Sun Yat-sen, mwasisi wa Kuomintang. Mdogo wake wa kike alikuwa mke wa Chiang Kai-shek. Historia ya China wakati mwingine ni ugomvi wa familia moja.

Uchaguzi ulifanyika 1953 na 1954, na Septemba 1954 Bunge la Umma la Taifa likakutana kwa mara ya kwanza na kupitisha katiba. Wapiga kura walichagua wajumbe wa ngazi ya chini tu. Hao nao wakachagua wa juu yao, hadi kufika Beijing. Sheria ilimfanya mjumbe mmoja wa vijijini awakilishe watu mara nane ya wale wa mjumbe wa mjini. Mapinduzi yaliyoletwa na wakulima yaliupa mji uzito mkubwa zaidi kwenye kura. Kufikia mwisho wa 1957 vyama vile vidogo vilikuwa vimenyamazishwa (swali la 6).

## Utawala wa ndani

5. Mageuzi ya ardhi yalifanyikaje?

Sheria ilitoka Juni 1950, lakini kazi yenyewe ilifanywa na makada waliokwenda kuishi vijijini. Kwanza waliwagawa watu katika matabaka: kabaila, mkulima tajiri, mkulima wa kati, maskini, kibarua. Kisha ukaitishwa mkutano wa hadhara ambapo wapangaji na vibarua walisimama mmoja mmoja mbele ya kabaila, wakaeleza walivyonyang'anywa, walivyopigwa, walivyouza watoto kulipa deni. Mkutano ukishapanda joto, hukumu ilikuwa hapo hapo. Wengine walinyang'anywa mali tu. Wengine waliuawa, na makadirio yanaanzia mamia ya maelfu hadi zaidi ya milioni moja.

Chama kingeweza kugawa ardhi kwa amri ya ofisini. Kilichagua njia hii kwa makusudi: mkulima aliyenyoosha kidole mbele ya kijiji kizima hakuwa na pa kurudi Kuomintang ikirejea.

Wakulima wapatao milioni 300 walipata mashamba. Hawakukaa nayo sana. Kufikia mwisho wa 1956 karibu kaya zote zilikuwa zimeingizwa katika ushirika, na lebo ya tabaka ikabaki kwenye faili la mtu na la watoto wake.

6. Kwa nini kila mwaka kulikuwa na kampeni mpya?

Kwa sababu kampeni ndiyo iliyokuwa njia ya kutawala. Serikali haikuwa na maofisa wa kutosha wala sheria zilizokamilika, ila ilikuwa na chama chenye matawi hadi vijijini. Kila kampeni ilikuwa na jina fupi, adui mmoja, mikutano ya kukosoana, na mara nyingi idadi ya watu wa kukamatwa iliyopangwa kutoka juu.

Kampeni dhidi ya wapinga mapinduzi ilipata ukali wake Oktoba 1950, mwezi uleule majeshi yalipoingia Korea. Kwa hesabu za chama chenyewe, watu wapatao 712,000 waliuawa. Zikafuata kampeni dhidi ya rushwa za makada na ukwepaji kodi wa wafanyabiashara, mwaka 1951 na 1952.

Kampeni iliyoitwa Maua Mia ilikwenda kinyume, mwanzoni. Baada ya Khrushchev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, kumshambulia mtangulizi wake marehemu Stalin mwaka 1956, Mao aliwaalika wasomi wakikosoe chama. Majira ya kuchipua ya 1957 walikikosoa kweli, wengine wakihoji hata haki yake ya kutawala peke yake. Wiki chache baadaye upepo ukageuka, na zaidi ya watu 550,000 wakapewa lebo ya mrengo wa kulia. Kama ulikuwa mtego tangu mwanzo au Mao alishtuka njiani, wanahistoria bado wanavutana. Mimi naegemea kwamba alishtuka, kisha akaona fahari kudai kuwa ulikuwa mtego.

7. Njaa kubwa ya 1959–1961 ilisababishwa na nini, na walikufa wangapi?

Makadirio yanaanzia kama milioni 15 hadi milioni 45, mengi yakizunguka milioni 30. Ni njaa iliyoua watu wengi zaidi katika historia inayojulikana.

Ukame na mafuriko vilikuwepo, lakini chanzo kikuu ni sera. Mwaka 1958 Mao alianzisha Mruko Mkuu wa Mbele ili China iwafikie mabepari kwa miaka michache. Wakulima waliingizwa katika komuni kubwa, wakala kwenye majiko ya pamoja, na mamilioni wakatolewa mashambani wakati wa mavuno kwenda kuyeyusha chuma katika tanuru za udongo. Sufuria, majembe na vitasa vya milango vilitupwa humo, vikatoka mabonge yasiyofaa kwa lolote.

Kilichoua hasa ni takwimu. Makada walishindana kutangaza mavuno ya kufikirika, na mkulima alitozwa nafaka kwa hesabu ya mavuno hayo. Kada aliyetangaza mara tatu ya kilichovunwa alilazimika kukabidhi fungu la hizo mara tatu, hivyo ghala la kijiji likafagiliwa hadi mbegu. Mikoa kama Anhui na Henan, ambayo viongozi wake walikuwa na bidii zaidi ya kumfurahisha Mao, ndiyo iliyoumia sana. Mfumo wa usajili wa makazi ulioanza 1958 ulimfunga mkulima kijijini kwake, na hata kwenda kuomba mjini likawa kosa.

Nje hawakujua. Mwaka 1959 China iliuza nje zaidi ya tani milioni nne za nafaka, kwa sehemu kulipia mitambo na madeni ya Urusi, na ilituma mchele wa msaada hadi Guinea. Kuanzia 1961 ikaanza kununua ngano ya Kanada na Australia, nchi mbili za kibepari ambazo hata hazikuwa zimeitambua.

8. Hakuna aliyemwambia Mao ukweli?

Alikuwepo, na yaliyompata ndiyo yanaeleza kwa nini hawakuwa wengi. Julai 1959 viongozi walikutana Lushan, mji wa mlimani wenye ubaridi. Peng Dehuai, waziri wa ulinzi na mtoto wa mkulima maskini wa Hunan, alikuwa amezunguka vijijini akaona. Tarehe 14 alimwandikia Mao barua ya binafsi, yenye adabu, ikisifu mafanikio kabla ya kutaja makosa. Mao aliichapa akaigawa kwa wajumbe wote kama ushahidi, kisha akaitisha mashambulizi. Peng alipoteza wizara kwa jenerali mwenzake, Lin Biao, na ikaanza kampeni mpya dhidi ya wenye mawazo kama yake. Kada wa wilaya aliyekuwa anajiandaa kupunguza takwimu akaziongeza. Vifo vingi vilitokea baada ya Lushan.

Peng alishukiwa pia kwa sababu alikuwa ametoka ziarani Urusi na Ulaya Mashariki muda mfupi kabla, na Khrushchev naye alikuwa akizibeza komuni hadharani.

Januari 1962, mbele ya makada 7,000, Liu Shaoqi alisema kuwa maafa yale sehemu tatu ni ya mbingu na sehemu saba ni ya binadamu. Mao alijikosoa kidogo katika mkutano huo. Hakumsahau Liu.

## Urusi, Marekani na Taiwan

9. Mao alikuwa kibaraka wa Stalin?

Hapana, ingawa aliegemea upande wake waziwazi. Juni 1949, kabla hata ya kutwaa nchi nzima, Mao aliandika kuwa China itaegemea upande mmoja, wa ujamaa. Stalin kwa upande wake alikuwa na mkataba na Chiang tangu 1945, na Kuomintang ilipoikimbia Nanjing, balozi wa Urusi alikimbia nayo hadi Guangzhou. Balozi wa Marekani ndiye aliyebaki Nanjing.

Mao aliwasili Moscow 16 Desemba 1949, akawekwa nje ya mji akisubiri wiki nyingi. Baadaye alilalamika kuwa hakuwa na kazi ila kula, kulala na kwenda chooni. Mkataba ulisainiwa 14 Februari 1950: ulinzi wa pamoja, na mkopo wa dola milioni 300 kwa riba ya asilimia moja. Urusi ilibaki kwa muda na bandari ya Lüshun na sehemu yake katika reli ya Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, mambo ambayo Mao aliyameza kwa shida. Hata hivyo viwanda vya mpango wa kwanza wa miaka mitano, 1953–1957, vilisimama juu ya miradi mikubwa 156 ya msaada wa Kirusi.

10. China ilijiingiza vipi katika vita vya Korea, mwaka mmoja tu baada ya kuundwa?

Ilionya kwanza. Usiku wa manane kuamkia 3 Oktoba 1950, Zhou Enlai alimwita balozi wa India, K. M. Panikkar, akamwambia kuwa Wamarekani wakivuka mstari wa 38, uliotenganisha Korea Kusini na Kaskazini, China haitakaa kimya. India ilifikisha ujumbe. Washington iliona ni vitisho vitupu, na Panikkar akaonekana mtu wa kuwapenda mno Wachina. Mstari ukavukwa.

Ndani ya uongozi wa China wengi hawakutaka vita. Lin Biao alikataa ukamanda kwa hoja ya ugonjwa. Mao alisukuma. Sababu ya kiusalama ni rahisi kuiona: mto Yalu unapakana na Manchuria, iliyokuwa na viwanda vizito vya nchi. Kulikuwa pia na hesabu ya ndani. Serikali changa ikikaa kimya huku jeshi la Marekani likiwa mlangoni, mabaki ya Kuomintang yangepata moyo. Vita vilileta kauli mbiu ya kuipinga Marekani, na kauli mbiu hiyo ikabeba kampeni ya swali la 6.

Askari walianza kuvuka 19 Oktoba 1950 chini ya Peng Dehuai. Waliitwa wa kujitolea ili China isihesabike kuwa imetangaza vita. Mtoto wa kwanza wa Mao, Anying, aliuawa kwa bomu mwezi uliofuata. Vita vilisimama 27 Julai 1953, karibu palepale vilipoanzia. Hesabu rasmi ya China ni wafu zaidi ya 197,000. Hasara nyingine ni kwamba mlango wa Taiwan ulifungwa (swali la 12), na Februari 1951 Umoja wa Mataifa ukaiita China mchokozi.

11. Kwa nini Uingereza iliitambua China 1950 na Marekani ikasubiri hadi 1979?

Uingereza ilikuwa na Hong Kong na biashara Shanghai. Iliitambua 6 Januari 1950, na ikashangaa kuona Beijing haina haraka ya kupokea balozi. Sababu: Uingereza iliacha ofisi ya ubalozi mdogo Taiwan na haikuunga mkono kiti cha Beijing katika Umoja wa Mataifa. Mabalozi kamili walibadilishana 1972.

Marekani ilikuwa karibu kumwacha Chiang mwanzoni mwa 1950. Korea ilifunga mjadala huo, na baada ya hapo mwanasiasa wa Marekani aliyetaka maelewano na Beijing alihatarisha kazi yake.

12. Kwa nini China haikuivamia Taiwan?

Ilikuwa ikijiandaa. Tarehe 27 Juni 1950, siku mbili baada ya vita vya Korea kuanza, Rais Truman aliamuru Kikosi cha Saba cha wanamaji kiingie katika mlangobahari wa Taiwan. China haikuwa na jeshi la majini la kupambana nacho.

Vikabaki visiwa vidogo vya Jinmen na Mazu, vilivyo kando kabisa ya pwani ya bara lakini mikononi mwa Kuomintang. Jinmen ilipigwa mizinga Septemba 1954, na tena 23 Agosti 1958. Mara hii ya pili inafundisha zaidi. Wiki hizohizo komuni zilikuwa zikitangazwa nchi nzima, na Mao aliwaambia wenzake wazi kuwa hali ya hatari huwaunganisha watu. Komuni zikaundwa kijeshi, na wanamgambo wakaandikishwa kwa mamilioni.

Oktoba 1958 mambo yakawa ya ajabu. Beijing ilitangaza kuwa itapiga tarehe za witiri tu. Tarehe za shufwa wakazi na askari wa Jinmen waweze kupokea vyakula na kuota jua. Mpango huo uliendelea miaka ishirini, baadaye kwa makombora yaliyojaa vipeperushi vya propaganda, hadi 1 Januari 1979. Hakikuwa kichaa. Mao hakutaka Chiang aviache visiwa hivyo, kwa sababu ndivyo vilivyoiunganisha Taiwan na bara. Vikiachwa, Taiwan ingekuwa nchi nyingine.

13. Ugomvi na Urusi ulianzia wapi?

Ulianza na hotuba ya Khrushchev dhidi ya Stalin, Februari 1956, ambayo China haikushauriwa juu yake. Ukaendelea 1958 Urusi ilipopendekeza kituo cha redio cha pamoja kwenye pwani ya China na kundi la pamoja la nyambizi. Mao alisikia harufu ya ukoloni. Khrushchev alipanda ndege kwenda kumtuliza, naye akapokelewa kwenye bwawa la kuogelea. Mao alikuwa muogeleaji mzuri, mgeni alihitaji boya. Wiki tatu baadaye mizinga ya Jinmen ikalia bila Moscow kuambiwa.

Juni 1959 Urusi iliacha kusaidia bomu la nyuklia la China. Julai 1960 iliwaondoa wataalamu wake wapatao 1,390, pamoja na michoro ya viwanda ambavyo vilikuwa nusu. Baadaye Beijing iliitupia Urusi lawama za njaa, ila saa hazilingani: watu walikuwa wameshaanza kufa kabla ya wataalamu kuondoka. Bomu China ililipua peke yake, 16 Oktoba 1964, huko Lop Nur, siku mbili baada ya Khrushchev kung'olewa.

## Majirani na Bandung

14. Tibet na vita na India vinahusianaje?

Jeshi la China liliingia Chamdo, mashariki mwa Tibet, Oktoba 1950, na Mei 1951 wajumbe wa Tibet walisaini Beijing makubaliano ya vipengele 17 yaliyoahidi kuacha utawala wa ndani kama ulivyo. India ilikubali hali hiyo 1954 katika mkataba ulioanzisha kanuni tano za kuishi kwa amani. Machi 1959 Lhasa, mji mkuu wa Tibet, iliasi, kiongozi wake wa kidini Dalai Lama akakimbilia India, na Waziri Mkuu Nehru akampokea. Tangu hapo kila doria mpakani ilionekana njama. China ilikuwa tayari imejenga barabara kupita Aksai Chin, ardhi ambayo India inaihesabu yake. Vita vya 20 Oktoba hadi 21 Novemba 1962 viliisha kwa China kushinda, kutangaza yenyewe kusitisha mapigano, kurudi nyuma upande wa mashariki, na kubaki na Aksai Chin.

15. Nini hasa kilitokea Bandung?

Nchi 29 za Asia na Afrika zilikutana Indonesia 18–24 Aprili 1955. Kutoka Afrika zilikuwa sita: Misri, Ethiopia, Sudan, Libya, Liberia na Gold Coast (Ghana ya leo). China haikuwa na ubalozi hata mmoja barani Afrika.

Siku saba kabla, ndege ya Air India iliyokodiwa na wajumbe wa China ililipuka angani baada ya kuruka kutoka Hong Kong. Watu 16 walikufa. Bomu liliwekwa na msafishaji wa uwanja wa ndege aliyefanya kazi kwa Kuomintang, akakimbilia Taiwan. Zhou alikuwa amebadilisha njia, akapita Rangoon, Burma, ambako alikutana na Nasser, kiongozi wa Misri, kwa mara ya kwanza.

Ukumbini, wajumbe kadhaa waliushambulia ukomunisti kuwa ni ukoloni mpya. Zhou aliigawa hotuba yake iliyoandikwa bila kuisoma, akasimama na nyingine iliyoandaliwa haraka wakati wa mapumziko. Alisema China imekuja kutafuta yanayowaunganisha, si kugombana. Kwamba wote walionja ukoloni. Na akawaalika waje China wajionee. Wengi walikuwa wametarajia mtu wa kupiga meza. Mwaka mmoja baadaye, Mei 1956, Misri ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuitambua Beijing.

## Afrika, na kwetu

16. Kwa nini nchi maskini kama ile ilianza kutoa misaada Afrika?

Kwa sababu ilikuwa imebaki peke yake. Baada ya 1960 ilikuwa imegombana na Marekani na Urusi kwa pamoja, na mataifa mapya ya Afrika yalikuwa na kura Umoja wa Mataifa. Redio Peking ilianza matangazo ya Kiswahili 1 Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika.

Zhou alizunguka nchi kumi za Afrika kuanzia Desemba 1963 hadi Februari 1964. Akiwa Afrika Magharibi alitangaza kanuni nane za misaada: mikopo bila riba au kwa riba ndogo, kuheshimu mamlaka ya mpokeaji, na ile iliyowagusa watu zaidi, kwamba mtaalamu wa Kichina ataishi kwa kiwango cha mwenzake mwenyeji. Aliyekuwa amezoea bwana shamba mwenye nyumba ya vigae na wapishi wawili aliona tofauti.

17. Je, ni kweli Zhou alizuiwa kuja Afrika Mashariki mwaka 1964?

Ziara yake Tanganyika, Kenya na Uganda ilifutwa kwa sababu majeshi ya nchi zote tatu yaliasi Januari ile. Siku nane kabla ya maasi ya Dar es Salaam, Zanzibar ilikuwa imepinduliwa, na China iliitambua serikali ya Karume ndani ya siku chache. Abdulrahman Babu, aliyekuwa mwandishi wa shirika la habari la China Zanzibar, akawa waziri wa mambo ya nje. Baada ya Muungano wa Aprili, ubalozi wa Unguja ukashushwa kuwa konseli.

Nyerere alikwenda Beijing Februari 1965, na Zhou akafika Dar es Salaam Juni. Huko alisema kuwa hali ya mapinduzi Afrika ni nzuri mno. Tanzania ilisikia ukombozi wa Msumbiji na Angola. Nairobi ilisikia uchochezi wa maasi, ikang'aka.

18. Basi China ilikuwa ikichochea maasi au haikuwa?

Ilifanya yote mawili, kujenga na kuchochea, wakati mwingine kutoka ubalozi mmoja. Pierre Mulele alipata mafunzo China kabla ya kuanzisha uasi wa Kwilu, Kongo, Januari 1964. Burundi ilisimamisha uhusiano Januari 1965, baada ya Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe kuuawa. Kenya ilimfukuza kaimu balozi 1967.

Mwaka huo wa 1967 Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao dhidi ya wapinzani wake ndani ya chama, yalikuwa yamepamba moto, na ofisi ya Uingereza Beijing ilichomwa moto Agosti. Mabalozi wa China karibu wote walirudishwa nyumbani, akabaki Huang Hua wa Cairo. Katikati ya vurugu hizo, 5 Septemba 1967, ukasainiwa Beijing mkataba wa TAZARA, reli ya kuunganisha Tanzania na Zambia. Mkopo ulikuwa yuan milioni 988, bila riba. Gharama za ndani zililipwa kwa kuuza bidhaa za China madukani Tanzania na Zambia, ndiyo maana waliokuwa watoto miaka ya 1970 wanakumbuka baiskeli, vyandarua na chupa za chai za Kichina.

## Maswali ya pembeni

19. Kwa nini hawakuitwaa Hong Kong?

Iliwafaa ikiwa mikononi mwa Waingereza: dirisha la fedha za kigeni na bidhaa ambazo vikwazo vya Marekani vilizizuia. Jeshi lilisimama mto Shenzhen Oktoba 1949. Khrushchev aliwahi kumsuta Mao kwa kuvumilia koloni mlangoni, na Beijing ikajibu kwa kukumbushia ardhi ambazo Urusi ya wafalme ilijitwalia.

20. Ni kweli Salim Ahmed Salim alicheza ukumbini Umoja wa Mataifa, na Marekani ikamwekea kinyongo?

Tarehe 25 Oktoba 1971 azimio namba 2758 lilipita kwa kura 76 dhidi ya 35, wasiopiga wakiwa 17, na kiti cha China kikahama kutoka Taipei kwenda Beijing. Tanzania ilikuwa miongoni mwa walioliwasilisha azimio. Kenya na Uganda ziliunga mkono, Kongo ya Mobutu ikapinga. Wajumbe wa Afrika walishangilia na kucheza, na habari za siku ile zilimtaja balozi wa Tanzania, Salim, aliyekuwa na umri wa miaka 29. Balozi wa Marekani aliyeshindwa alikuwa George H. W. Bush.

Mwaka 1981 Salim aligombea ukatibu mkuu, na Bush alikuwa makamu wa rais. Marekani ilimpiga Salim kura ya turufu duru baada ya duru. Kinyongo cha 1971 hutajwa sana, ila msimamo wake juu ya Palestina na Afrika Kusini nao ulitosha kuwaudhi. China, iliyotaka mtu wa Dunia ya Tatu, ikampiga Kurt Waldheim, katibu mkuu aliyekuwa akitafuta kipindi kingine, turufu mara 16. Wagombea wote wawili wakakaa pembeni, na kazi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.